Fomu ya Vema Haimpimi Kiongozi wa Shule

Kujipima ni kazi ya mwalimu kukagua mwenyewe anachokijua na anachoweza kukitenda, kisha kukipa kiwango. Katika TEHAMA, kazi hiyo hufanyika zaidi mwalimu anapokaribia uongozi: anapoomba mafunzo ya uongozi wa elimu, anapoandika wasifu wake, anapojaza tathmini ya utendaji, au anapopendekezwa kuwa mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Sura yake iliyozoeleka ni fomu yenye orodha ya ujuzi: kuchapa barua, kutengeneza jedwali, kutuma barua pepe, kuandaa slaidi, kutafuta habari mtandaoni. Kando ya kila ujuzi kuna visanduku vya "sijui", "najua kiasi" na "najua vizuri sana", naye mwalimu huweka alama ya vema panapomfaa.

Mtazamo uliotawala unaiona fomu hiyo kuwa inatosha, na unategemea hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba hakuna amjuaye mwalimu kuliko anavyojijua mwenyewe. Ya pili ni kwamba ujuzi wa TEHAMA ni mmoja, yaani ujuzi wa kutumia vifaa na programu, na kwamba anayeumudu zaidi ndiye anayefaa zaidi kuongoza shule ya zama hizi. Ya tatu hushikwa na wale wasioutaka ujuzi huo kabisa: kiongozi hana haja nao, kwa kuwa anao walimu vijana na mwalimu wa TEHAMA wa kumfanyia. Hoja zote tatu zinasikika kuwa za busara, na zote tatu zinapotosha. Hasara yake haimwangukii aliyejaza fomu. Inamwangukia mwanafunzi ambaye taarifa zake zimekosewa, mzazi ambaye siri ya mtoto wake imesambazwa, na mwalimu wa darasani anayeongozwa na mtu asiyejua amsaidie vipi.

Hoja ya kwanza: mwalimu anajijua

Jinsi watu wanavyojikadiria ni jambo lililochunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani Paul Mabe na Stephen West walikusanya matokeo ya tafiti 55 zilizolinganisha alama ambazo watu walijipa na uwezo wao ulivyopimwa kwa njia nyingine. Uhusiano wa wastani ulikuwa 0.29, katika kipimo ambacho 1 ni kulingana kabisa na 0 ni kutohusiana hata kidogo. Anayemteua kiongozi kwa kutazama alama alizojipa, basi, ameshika kipande kidogo cha ukweli na kukichukulia kuwa ndio ukweli wote.

Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi wa chuo katika mantiki, sarufi na utambuzi wa vichekesho. Walioangukia robo ya chini kabisa walikuwa, kwa wastani, wakiwapita watu 12 katika kila 100, lakini wenyewe walidhani wanawapita 62. Walio katika robo ya juu walijiweka chini ya nafasi yao halisi. Baadhi ya wanatakwimu wamepinga wakisema kwamba sehemu ya tofauti hiyo huzaliwa na hesabu zenyewe, kwa sababu aliye mkiani akikosea kujikadiria hana pa kukosea ila juu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini haliiokoi fomu ya vema. Hata likikubaliwa lote, bado alama ya kujipa haitoshi kutegemewa kama kipimo cha uwezo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ili mtu atambue kwamba jedwali la alama lina kosa, anahitaji ujuzi ule ule unaomwezesha kutengeneza jedwali lisilo na kosa. Mwalimu ambaye matumizi yake yameishia kuandika majina na kujumlisha safu moja ataweka vema kwenye "najua vizuri sana" kwa moyo mweupe, kwa kuwa hajakutana na kazi iliyomshinda. Mwenzake aliyewahi kuunganisha alama za mikondo minne, akakuta majina yamejirudia na wastani umeharibiwa na nafasi zilizoachwa wazi, ataweka vema kwenye "najua kiasi", kwa kuwa ameuona upana wa jambo. Fomu itamtanguliza yule wa kwanza. Hakuna aliyedanganya kati yao, ila kipimo kimewapanga kinyume.

Mazoea ya jamii huongeza upotofu huo. Mwalimu kijana anayemiliki simu janja na kushinda mitandaoni hujiona mtaalamu, na wanaomzunguka humthibitishia hivyo. Mwalimu wa makamo aliyezoea kuambiwa kwamba kompyuta ni mambo ya vijana hujishusha, hata kama ndiye anayetunza kumbukumbu za shule kwa uangalifu kuliko wote. Alama hizo zikifungamanishwa na cheo, mwenye haya hubaki nyuma na mwenye kujiamini hupita mbele. Uongozi wa shule haupaswi kugawiwa kwa kigezo cha kujiamini.

Hoja ya pili: ujuzi wa vifaa ndio ujuzi wa uongozi

Hoja hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa imeingia hadi katika mipango ya kitaifa na kimataifa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 nchini Tanzania viligawiwa baadaye kwa walimu. Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Hatua hizo zilikuwa na nia njema. Kosa huingia pale kifaa kinapohesabiwa kuwa umahiri, na umahiri wa kukitumia kifaa kuhesabiwa kuwa uongozi.

Kwa upande wa vifaa, Peru ni funzo linalotosha. Nchi hiyo iligawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi wa shule za msingi vijijini. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za bara la Amerika, iliyotolewa mwaka 2012 na kuhusisha shule 319, haikuona ushahidi kwamba wanafunzi waliongeza ufaulu katika hisabati wala lugha, ingawa kompyuta zilikuwa zimeongezeka hadi kuzidi idadi ya wanafunzi. Kwa upande wa uongozi, Ronald Anderson na Sara Dexter walichambua uchunguzi wa mwaka 1998 uliohusisha shule zaidi ya 800 za Marekani. Katika makala yao ya mwaka 2005 walihitimisha kwamba vifaa na miundombinu ni muhimu, lakini uongozi wa teknolojia ni muhimu zaidi ili teknolojia itumike ipasavyo shuleni. Vifaa bila maamuzi mazuri hubaki kuwa vifaa.

Hata mfumo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018, haumpimi mwalimu kwa vifaa peke yake. Unataja maeneo sita: kuielewa sera, mtaala na upimaji, ufundishaji, matumizi ya stadi za kidijitali, mpangilio na utawala, na mwalimu kujiendeleza kitaaluma. Maeneo hayo yakipitishwa katika ngazi tatu hupatikana umahiri 18. Stadi za kutumia vifaa ni eneo moja kati ya sita. Fomu ya vema hulichukua eneo hilo moja na kulifanya kuwa mtihani mzima.

Kinachoachwa nje ndicho kazi yenyewe ya kiongozi. Mfano wa kwanza ni takwimu. Nchini Tanzania mwalimu mkuu anashughulika na mfumo wa taarifa za shule ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na pia na PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani unaotunza kumbukumbu za wanafunzi. Kenya ilianzisha mfumo wake wa NEMIS mwaka 2017. Kuingiza tarakimu katika mifumo hiyo hujifunzwa kwa siku chache. Linalompima kiongozi ni kujua kama tarakimu hizo zinalingana na watoto walioketi madarasani, na kama zimewahi kubadilisha uamuzi wowote. Mahudhurio ya darasa la tano yakishuka kila siku ya mnada, kiongozi anayezisoma takwimu ataitisha kikao cha wazazi. Anayezijaza tu atazituma wilayani zikiwa kamili, na watoto wataendelea kukosa masomo.

Mfano wa pili ni fedha. Shule za umma Tanzania hutumia mfumo wa uhasibu wa FFARS kurekodi mapato na matumizi. Kanuni ya fedha inataka anayeandaa malipo asiwe yeye anayeyaidhinisha. Nywila zote zikishikwa na mtu mmoja, kanuni hiyo imevunjwa hata kama mfumo unaonekana kufanya kazi barabara na ripoti zinatoka kwa wakati. Hakuna kisanduku cha "kutuma barua pepe" kitakachoonyesha kama mwalimu analiona jambo hilo.

Mfano wa tatu ni taarifa za watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kuchapisha picha mtandaoni kunahitaji ustadi wa kutumia simu. Kuamua isichapishwe kunahitaji kiongozi. Vivyo hivyo kwa matokeo ya darasa zima yanayorushwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, yakiwa na jina la kila mtoto na nafasi yake hadi wa mwisho. Anayeyatuma huenda amejipa alama zote katika fomu, na huenda kweli anastahili alama hizo kwa yale yaliyoulizwa. Yasiyoulizwa ndiyo yaliyomuumiza mtoto wa mwisho.

Mfano wa nne, nao ni mkubwa kuliko yote, ni ufundishaji. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler walieleza kwamba kufundisha vizuri kwa teknolojia kunahitaji maarifa matatu yaliyofungamana: maarifa ya somo lenyewe, ya namna ya kulifundisha, na ya teknolojia. Kiongozi anayeingia darasani na kukuta projekta imewashwa anapaswa kutofautisha somo ambalo picha inayosogea imewafanya wanafunzi waelewe mzunguko wa damu, na somo ambalo nukuu zilizokuwa ubaoni zimehamishiwa ukutani ili zinakiliwe kama zamani. Katika masomo yote mawili teknolojia imetumika. Katika la kwanza pekee imefundisha. Kiongozi asiyeiona tofauti hiyo atalisifu la pili, na walimu wake wataelewa kwamba kinachotakiwa ni kuonekana na projekta.

Hoja ya tatu: kiongozi anao wa kumfanyia

Kukasimu kazi ni sehemu ya uongozi, na hakuna anayedai mkuu wa shule afunge nyaya za mtandao au aondoe virusi katika kompyuta za maabara. Lakini hukasimu vema yule anayekijua anachokikasimu kiasi cha kuweza kukihoji. Mkuu anayempa mwalimu kijana nywila yake na kumwambia "nimalizie huko" hajakasimu kazi. Amekabidhi mamlaka, huku wajibu ukibaki kwake. Ripoti ikikosewa, jina lililoko ni lake. Mwanafunzi akikosa kusajiliwa kwa mtihani, atakayetafutwa na mzazi ni yeye. Taarifa za watoto zikivuja, hatajitetea kwa kusema kwamba hajui kompyuta.

Kuna pia dhuluma iliyozoeleka ambayo hoja hii huifunika. Mwalimu mmoja mwenye ujuzi hugeuzwa kuwa karani wa mifumo yote ya shule, usiku na mwisho wa wiki, bila kupunguziwa vipindi na bila kutambuliwa. Siku akihamishwa, shule hubaki haijui nywila zake wala mahali kumbukumbu zake zilipo. Kiongozi aliyejipima kwa haki angeiona hatari hiyo mapema, kwa kuwa swali la kwanza la kujipima lingekuwa: ni kazi zipi za shule hii zitakwama mtu mmoja akiondoka?

Kujipima kunakostahili kuitwa kipimo

Kukataa fomu ya vema si kukataa kujipima. Mwalimu asiyejichunguza hafundishiki, na mkaguzi kutoka nje hawezi kukaa naye kila siku. Kinachotakiwa ni kujipima kwa ushahidi, na utafiti wenyewe unaonyesha njia. Mabe na West waliona kwamba watu hujikadiria kwa usahihi zaidi wanapojua kwamba alama zao zitalinganishwa na kipimo kingine, wanapokuwa na uzoefu wa kujipima, wanapohakikishiwa kwamba majina yao hayatajulikana, na wanapoelekezwa kujilinganisha na wenzao. Kruger na Dunning nao waliona kwamba waliofanya vibaya katika mantiki walipofundishwa mantiki kidogo, waliweza kuona wamekosea wapi. Kutokana na hayo hupatikana kanuni nne.

Kanuni ya kwanza ni kupima kazi, si programu. Badala ya kuulizwa kama anajua kutumia jedwali, mwalimu alete jedwali la mahudhurio la muhula mmoja na aeleze uamuzi uliotokana nalo. Badala ya kuulizwa kama anajua usalama wa mtandao, aeleze ni nani wana nywila za mifumo ya shule na nini hufanyika mmoja wao akihama. Badala ya kuulizwa kama anajua kuhifadhi mafaili, ajibu swali hili: kompyuta ya ofisi ikiibiwa usiku huu, kesho asubuhi kipi kitapatikana na kipi kitakuwa kimepotea? Aeleze pia somo la mwisho lenye TEHAMA alilolitazama na ushauri aliompa mwalimu wa somo hilo. Viwango navyo viwe vya matendo: hajawahi kuifanya kazi hiyo, ameifanya akisaidiwa, anaifanya mwenyewe, amemfundisha mwenzake akaiweza.

Kanuni ya pili ni jicho la pili. Nyani haoni kundule. Nchini Kenya, tathmini ya utendaji ya TPAD humtaka mwalimu ajipe alama, kisha msimamizi wake atoe zake na wajadiliane. Tanzania ina jumuiya za ujifunzaji chini ya mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja hukutana kujadili kazi zao. Muundo wa kumulikana basi upo tayari. Kilichobaki ni kuuelekeza kwenye ushahidi. Mwalimu mwenza aione faili, aulize maswali, aseme anachokubali na anachokataa.

Kanuni ya tatu ni kutenganisha kujifunza na kupandishwa cheo. Kujipima kwa ajili ya mafunzo kuwe siri kati ya mwalimu na anayemsaidia, ili kusiwe na sababu ya kujipamba. Uteuzi nao uwe na kazi yake ya kupima inayofanywa mbele ya watu, kwa mfano kumpa mwombaji takwimu halisi za shule isiyotajwa jina na kumtaka aeleze angefanya nini wiki ya kwanza. Kipimo kimoja kikitumika kwa mambo yote mawili, hakitafaa kwa lolote.

Kanuni ya nne ni kuanza mapema. Mwalimu ajipime akiwa bado mwalimu wa taaluma, mkuu wa idara au mwalimu wa zamu, wakati kosa lake bado linarekebishika kwa gharama ndogo. Kujipima baada ya kukabidhiwa ofisi humkuta mtu tayari ana sababu za kuficha asichokijua.

Pingamizi zinazobaki

Pingamizi la kwanza ni muda. Walimu wana vipindi vingi na madarasa yaliyojaa, na fomu ya vema humalizika kwa dakika tano. Lakini ushahidi unaotakiwa hapa si karatasi mpya. Jedwali la mahudhurio lipo, ripoti ya fedha ipo, andalio la somo lipo. Kazi mpya ni kuvitazama kwa swali jipya. Dakika tano zinazotoa jibu la uongo ndizo zilizopotezwa.

Pingamizi la pili ni umaskini wa shule. Inasemwa kwamba mwalimu wa shule isiyo na umeme ataonewa akitakiwa kuleta ushahidi. Ukweli ni kwamba fomu ya vema ndiyo inayomwonea, kwa sababu inauliza juu ya slaidi na projekta ambazo hajawahi kuwa nazo. Kipimo cha kazi humpa nafasi. Mwalimu anayetumia simu moja na daftari kulinganisha idadi ya wanafunzi waliosajiliwa na waliopo, anayewapigia wazazi watoto wasipoonekana, na anayefunga taarifa hizo kabatini wasizione wasiohusika, ameonyesha uongozi wa taarifa kuliko mwenye maabara ya kompyuta 40 zilizofunikwa vitambaa.

Pingamizi la tatu ni heshima. Wengine huona kwamba kumtaka mwalimu mzoefu aonyeshe ushahidi ni kumdhalilisha mbele ya vijana wake. Lakini mwalimu huyo huyo hutumia maisha yake kuwataka wanafunzi waonyeshe njia ya hesabu na si jibu pekee, na hafanyi hivyo kwa kuwadharau. Kumwomba aonyeshe njia ni kuiheshimu taaluma yake.

Wajibu wa kubadilisha hali hii umegawanyika. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ulioko Bagamoyo, ADEM, pamoja na vyuo vingine vinavyowaandaa viongozi wa shule Afrika Mashariki, viweke kazi za namna hii mwanzoni na mwishoni mwa mafunzo yao, ili anayehitimu aone kwa ushahidi alipotoka na alipofika. Mamlaka za uteuzi ziache kuhesabu vyeti vya kompyuta na alama za kujipa kama thibitisho la uwezo wa kuongoza. Wadhibiti ubora wa shule waulize uamuzi uliotokana na takwimu kabla ya kuuliza kama takwimu zimejazwa. Mwalimu mwenyewe hana haja ya kusubiri waraka. Anaweza kuchukua kazi moja ya shule inayotegemea TEHAMA, akaitafutia ushahidi, akamwita mwenzake anayemwamini aikague, na akaandika asichokiweza pamoja na tarehe ya kukirudia.